Kutua Kujaza Mafuta au Kuruka Bila Kutua: Mwongozo Kamili wa Kupima Safari Ndefu ya Ndege

Wapangaji wa njia za ndege hurudia kosa lilelile. Wanachukua kilo za mafuta zitakazookolewa kwa kutua njiani, wanazidisha kwa bei, wanaondoa ada ya uwanja, kisha wanatoa uamuzi. Hesabu hiyo ni sahihi lakini inajibu swali dogo. Akiba ya mafuta karibu kila mara ni ndogo kuliko gharama ya kutua. Kinachoweza kulipia kituo cha njiani ni watu na shehena ambayo ndege isingeweza kuibeba kama ingeruka bila kutua.

Basi swali la kuanzia ni hili: kituo kinaniongezea tani ngapi za kuuza, na je, tani hizo zina mnunuzi?

Mfano tutakaoufuata ni Nairobi–New York kwa Boeing 787-8, njia ambayo Kenya Airways iliianza tarehe 28 Oktoba 2018 bila kutua njiani. Umbali, mwinuko wa viwanja na vikomo vya ndege ni vya kweli. Nauli, bei, gharama, muda wa angani na uzito wa kupaa Nairobi ni namba za zoezi tu, si hesabu za shirika lolote. Zifute uweke zako.

Jambo moja la lugha kwanza. Kwenye tiketi, "moja kwa moja" mara nyingi humaanisha namba moja ya safari, hata kama ndege inatua mahali. Ndiyo maana hapa tunasema "bila kutua". Na tusichanganye kituo cha mafuta na kituo cha biashara: KLM inapotoka Amsterdam kwenda Dar es Salaam kupitia Kilimanjaro, watu wanashuka na kiti kinauzwa. Hiyo ni hesabu nyingine.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Uzito mtupu wa ndege ikiwa tayari kwa kazi: pamoja na marubani, wahudumu, chakula, maji na viti vyako, bila abiria wala mafuta. Chukua wa ndege yako yenyewe, kwa namba yake ya usajili. Kipeperushi cha mtengenezaji hakina viti vyako wala jiko lako.
- Vikomo vitatu: uzito wa juu wa kupaa, wa kutua, na wa ndege bila mafuta. Kwa 787-8 ni takriban tani 227.9, 172.4 na 161.
- Uzito unaoruhusiwa kupaa kwenye uwanja wako, kwa joto la saa ile ya kuondoka. Unaipata kwa wahandisi wa utendaji wa ndege.
- Takwimu za upepo wa njia hiyo kwa kila msimu, angalau za miaka mitano.
- Idadi ya abiria walioomba nafasi na kilo za shehena zilizoombwa, siku kwa siku, kwa mwaka mzima. Wastani wa mwaka hautoshi. Utaona sababu kwenye Hatua ya 6.
- Bei ya mafuta hadi ndani ya tangi, pamoja na ada ya kujaza na kodi, kwa kila uwanja.
- Kanuni za saa za kazi za wafanyakazi wa ndege za mamlaka inayokusimamia.
- Kikotoo chenye kitufe cha eˣ, au jedwali la kompyuta.

Kwa mahesabu ya haraka: lita 1 ya Jet A-1 ina uzito wa takriban kilo 0.8, hivyo tani 1 ni lita 1,250. Wasambazaji wanauza kwa lita au galoni, marubani wanahesabu kilo. Ukichanganya vipimo hivyo, kila hatua inayofuata inaharibika.

## Hatua ya 1: Tafuta kikomo kinachouma

Safari ndefu inaweza kuzuiwa na mambo matatu: tangi limejaa, uzito wa kupaa umefika mwisho, au uzito bila mafuta umefika mwisho. Ni kimoja tu kinachouma kwa wakati mmoja, na lazima ujue ni kipi.

Tangi la 787-8 linabeba takriban lita 126,000, yaani tani 101. Safari yetu haitafika huko, kwa hiyo tangi si tatizo. Tatizo ni Nairobi yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta upo mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini zinatoa nguvu pungufu na mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinua. Joto la mchana linazidisha yote mawili. Ndege inayoruhusiwa tani 227.9 kwenye karatasi huenda isiruhusiwe kupaa nazo pale.

Kwa zoezi hili tuchukue tani 215.

Tahadhari: usitumie joto la wastani wa siku. Tumia joto la saa ya kuondoka. Ndege ya saa nane mchana na ya saa tano usiku zina vikomo tofauti, ingawa ndege na uwanja ni vilevile.

## Hatua ya 2: Chagua kituo kwa ramani, kisha kwa karatasi

Pima njia fupi kwenye tufe, si kwenye ramani bapa. Nairobi–New York ni kama kilomita 11,840, na katikati ya mstari huo ipo Morocco, karibu na Marrakech. Kwa hiyo Casablanca haikuzungushi: Nairobi–Casablanca ni kama kilomita 6,040 na Casablanca–New York kama 5,800. Jumla inakaribia kulingana kabisa na safari isiyotua.

Sasa jaribu Dakar, ambayo wengi huitaja kwanza kwa kuwa ipo ukingoni mwa bara. Jumla inakuwa kama kilomita 12,360. Lomé inakupa karibu hizohizo. Ni zaidi ya kilomita 500 za ziada, zaidi ya nusu saa angani. Safari nzuri ya kutua hukatika karibu na katikati, kwa sababu faida yote inatokana na kutobeba mafuta ya nusu ya pili wakati wa nusu ya kwanza.

Baada ya ramani, kagua karatasi:

- Haki ya kutua. Kutua bila kushusha wala kupakia ni uhuru wa pili wa anga, uliowekwa katika mkataba wa kupita angani uliosainiwa Chicago mwaka 1944, kwa nchi zilizouridhia. Thibitisha kama nchi zote mbili zimo, au kama mkataba wenu wa pande mbili unaruhusu. Kuuza viti kutoka Casablanca ni uhuru wa tano, na huo hujadiliwa peke yake.
- Usalama wa Marekani. Uwanja wa mwisho kabla ya kuingia Marekani lazima uwe unakubaliwa na mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo. Ukitua Casablanca, uwanja wako wa mwisho ni Casablanca, si Nairobi tena. Ulizia ukaguzi utakaodaiwa hapo na dakika utakazochukua.
- Hali ya hewa ya saa utakayofika. Ndege iliyoondoka Nairobi karibu na usiku wa manane inafika Casablanca alfajiri, na katika miezi ya baridi ukungu wa alfajiri huufunika uwanja ule. Takwimu za mwezi mzima zitakuambia hali ni nzuri. Takwimu za saa kumi na saa kumi na moja za alfajiri ndizo za kusoma.

## Hatua ya 3: Hesabu mafuta ya kila chaguo

Ndege inachoma mafuta kulingana na uzito wake wa wakati huo. Kwa makadirio ya upangaji, 787-8 inachoma karibu asilimia 2.6 ya uzito wake kwa saa. Kwa hiyo:

uzito wa kupaa ÷ uzito wa kutua = e^(0.026 × saa za angani)

Uzito wa kutua ni jumla ya uzito mtupu, uzito unaolipa (abiria, mabegi yao na shehena) na akiba ya mafuta isiyoguswa.

Akiba. Kanuni za kimataifa zinataka, kwa kawaida, asilimia 5 ya mafuta ya safari kwa yasiyotarajiwa, mafuta ya kufika uwanja mbadala, na dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja. Kwa safari isiyotua tunapata kama tani 8: 3.4 za asilimia 5, na zilizobaki za uwanja mbadala na kuzunguka. Kwa kila kipande cha safari inayotua ni kama tani 6, kwa sababu asilimia 5 ya safari fupi ni ndogo.

Bila kutua, saa 14.5 angani kwa sababu ya upepo wa omo (unaovuma kutoka mbele):

- 0.026 × 14.5 = 0.377, na e^0.377 = 1.458
- Uzito wa kutua: 215 ÷ 1.458 = tani 147.5
- Mafuta ya safari: 215 − 147.5 = tani 67.5
- Uzito unaolipa: 147.5 − 120 (uzito mtupu) − 8 = tani 19.5

Ukikadiria kilo 100 kwa abiria na begi lake, hizo ni abiria 195 bila kilo hata moja ya shehena. Ndege ya viti 234 inaondoka na viti 39 vitupu hata kama foleni ya wanaotaka kwenda ni ndefu.

Kwa kutua Casablanca, saa 7.3 kisha saa 7.6:

- Tuseme unabeba tani 35. Uzito wa kutua ni 120 + 35 + 6 = tani 161
- Kipande cha kwanza: 161 × 0.209 = tani 33.6
- Kipande cha pili: 161 × 0.2185 = tani 35.2
- Ongeza tani 2 za kushuka, kutembea ardhini na kupanda tena
- Jumla: tani 70.8

Kagua vikomo. Kupaa Nairobi ni kama tani 195, chini ya 215. Bila mafuta ni 155, chini ya 161. Kutua 161, chini ya 172.4. Vyote vipo sawa.

Unajua umefanikiwa ukiona hivi: ukibeba tani 19.5 zilezile katika chaguo zote mbili, kutua kunakuokolea kama tani 3.3 za mafuta tu (64.2 dhidi ya 67.5). Jedwali likikuonyesha kuwa umeokoa tani 15, kuna kosa. Mara nyingi umesahau akiba ya kipande cha pili au mafuta ya kupanda tena.

Hapo ndipo hesabu ya harakaharaka inapoanguka. Tani 3.3 kwa dola 1,000 kila moja ni dola 3,300, na hazifikii hata ada za kutua tutakazoziona hapa chini. Tani 15.5 za ziada za kuuza ni jambo jingine kabisa.

## Hatua ya 4: Jaribu dawa ndogo kabla ya kituo

Kabla ya kuamua kutua, ona kama unaweza kuupandisha uzito unaolipa bila kutua. Kigezo cha kukumbuka: kila tani 1 ya ziada unayoruhusiwa kupaa nayo Nairobi inafika New York ikiwa kilo 690 (1 ÷ 1.458). Nyingine imechomwa kuibeba.

Sogeza saa ya kuondoka. Usiku wa baridi ukikupa tani 5 zaidi za kupaa, hizo ni kilo 3,400 mwisho wa safari, abiria 34. Hakuna dawa ya bei rahisi kuliko hii, na ndiyo sababu safari nyingi ndefu kutoka miji ya nyanda za juu huondoka usiku.

Punguza akiba kihalali. Mamlaka nyingi huruhusu asilimia 3 badala ya 5 ukiwa na uwanja wa dharura uliowekwa mahali maalumu njiani. Hapa 3.4 inashuka hadi 2.0, yaani karibu abiria 13 au 14. Njia nyingine ni kupanga safari hadi uwanja wa karibu, kisha rubani akifika mahali pa uamuzi apime mafuta yaliyobaki na kuendelea hadi New York yakitosha. Zote zinataka idhini na waratibu wa safari waliofunzwa.

Punguza uzito mtupu. Maji ya kunywa yanayomwagwa mwisho wa safari, magazeti, makontena mazito ya mizigo: kila kilo 100 ni abiria mmoja.

Badilisha ndege. Ikiwa unayo yenye mabawa na injini kubwa zaidi, rudia Hatua ya 3 kwa ndege hiyo.

Dawa hizi zikikufikisha tani 23.4, viti vyote 234 vinauzika na hoja ya kutua inabaki kwa shehena peke yake.

## Hatua ya 5: Andika gharama kamili ya kutua

Ada ya uwanja ni mstari wa kwanza tu. Kwa zoezi:

- Ada ya kutua, maegesho, wahudumu wa ardhini na kujaza mafuta: dola 8,000
- Mzunguko mmoja zaidi wa ndege (kupaa na kutua mara moja): dola 3,000
- Saa 1.75 za ndege na wafanyakazi, kwa dola 4,000 kwa saa: dola 7,000
- Jumla: dola 18,000

Ada ya kutua katika viwanja vingi hutozwa kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye cheti cha ndege, si uzito halisi wa siku ile. Kutua ukiwa mwepesi hakukupunguzii chochote.

Mzunguko ndio unaosahaulika zaidi. Sehemu za injini zenye ukomo wa maisha zinahesabiwa kwa mara ilizowashwa na kupaa, si kwa saa. Ukitua njiani kila siku, umeongeza mizunguko 365 kwa mwaka kwa upande mmoja tu wa safari. Breki, matairi na miguu ya ndege nayo inalipa.

Saa ya ndege ina thamani pale tu inapovunja kazi nyingine. Angalia ratiba nzima ya mzunguko. Ndege inayofika New York alfajiri na kuondoka adhuhuri inakaa uwanjani karibu saa sita. Kuchelewa saa 1.75 kunamezwa na muda ule na hakuharibu kitu, hivyo mstari wa dola 7,000 unashuka hadi gharama ya wafanyakazi, tuseme 2,000. Lakini ndege ikitakiwa kugeuka kwa saa mbili, utahitaji ndege ya ziada mahali fulani kwenye mtandao, na hapo dola 7,000 ni kidogo mno.

Wafanyakazi. Saa 15 za safari isiyotua tayari zinahitaji marubani wa ziada na vitanda. Ongeza kituo, ongeza saa ya kuripoti, unakaribia saa 18 za zamu. Kanuni zako zisiporuhusu, lazima ubadilishe wafanyakazi kituoni: hoteli, posho, na kundi lingine linalosubiri. Mpango uliopendeza kwenye jedwali huvunjika hapa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Angalia hili mapema, si baada ya kusaini mkataba wa mafuta.

Dakika za ardhini. Kipande cha pili kinahitaji kama tani 35, lita 44,000. Kwa kasi ya lita 1,000 kwa dakika ni dakika 44 za kujaza peke yake. Boza la lita 30,000 litalazimika kurudi mara ya pili, na dakika zake za kwenda na kurudi ni zako. Omba bomba la ardhini au maboza mawili kwa maandishi. Abiria wakibaki ndani wakati wa kujaza, mikanda iwe wazi, milango na ngazi zisizibwe, na zimamoto wajulishwe kama kanuni za uwanja zinavyotaka.

## Hatua ya 6: Pima mapato kwa siku mbili, si kwa wastani

Chagua siku ya kawaida na siku ya msimu. Nauli ya zoezi ni dola 650, shehena dola 2.2 kwa kilo. Anayetua njiani hauzi kwa bei ya asiyetua, kwani sasa anashindana na kila shirika linalounganisha kupitia Ulaya, Ghuba au Addis Ababa. Weka punguzo la asilimia 8: dola 598.

Siku ya kawaida: abiria 185 na tani 4 za shehena zinaombwa.

Bila kutua: unabeba wote 185 na tani 1 ya shehena. Mapato 122,450, toa mafuta 67,500, zinabaki 54,950.

Kwa kutua: unabeba wote na shehena yote. Mapato 119,430, toa mafuta 65,500 na gharama 18,000, zinabaki 35,930.

Kutua kumekula dola 19,020. Viti ulivyofungua havikuwa na mtu.

Siku ya msimu: viti vyote 234 vinatakiwa, na tani 11.6 za shehena zipo.

Bila kutua: abiria 195, mapato 126,750, zinabaki 59,250.

Kwa kutua: mapato ya abiria 139,932, ya shehena 25,520, jumla 165,452. Toa mafuta 70,800 na gharama 18,000, zinabaki 76,652.

Kutua kumeingiza dola 17,402 zaidi.

Sasa fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Siku hiyohiyo ya msimu, ondoa shehena yote. Abiria 234 kwa kutua wanaleta 139,932. Mafuta 65,900, gharama 18,000, zinabaki 56,032. Chini ya 59,250 za kuruka bila kutua. Ndege imejaa hadi kiti cha mwisho na bado kituo kinapoteza fedha, kwa sababu punguzo la asilimia 8 limewagusa hata wale 195 ambao ungewabeba kwa bei kamili. Abiria 39 wa ziada hawalipii. Anayelipia kituo ni shehena. Kama Nairobi huna mikataba ya kudumu ya shehena ya kwenda New York, funga jedwali.

Na hata hapo umependelea kituo. Abiria 39 unaowaacha hawatoki katikati ya orodha ya nauli. Idara ya mapato ikifanya kazi yake, wanaoachwa ni wa nauli za chini kabisa, hivyo wastani wa wale 195 unazidi dola 650.

## Hatua ya 7: Tafuta idadi ya siku inayogeuza uamuzi

Gawanya hasara ya siku ya kawaida kwa jumla ya hasara na faida:

19,020 ÷ (19,020 + 17,402) = 0.522

Zidisha kwa 365: siku 191. Msimu wako ukiwa na siku chache kuliko hizo, usitue.

Rudia kwa gharama ya kutua ya dola 13,000, ile ya ndege inayomeza muda New York. Hasara inakuwa 14,020 na faida 22,402. Siku zinashuka hadi 141. Mstari mmoja wa muda umehamisha siku 50, basi mstari huo ndio wa kubishania kikaoni kabla ya ule wa bei ya mafuta.

Bei ya mafuta nayo ipime. Casablanca ikiwa nafuu kwa asilimia 10 kuliko Nairobi, tani 35 zinakuokolea dola 3,500 kwa safari. Zinasaidia, lakini hazifuti 18,000.

## Hatua ya 8: Jaribu upepo mbaya

Mahesabu yote hapo juu yametumia saa 14.5. Ongeza nusu saa ya upepo wa omo: e^0.39 = 1.477, uzito wa kutua unakuwa 145.6, na uzito unaolipa unapungua tani 1.9. Abiria 19 wamebaki Nairobi kwa dakika 30 za upepo.

Kwa hiyo usiuze viti kwa upepo wa wastani. Tumia upepo unaotosha siku 85 katika 100 za msimu huo. Siku 15 zilizobaki ziwe na mpango ulioandikwa: kuacha shehena, kuwahamisha abiria wa hiari, au kutua siku hiyo tu. Kutua kwa dharura ya upepo ni tofauti na kutua kwa ratiba, kwani tiketi zimeuzwa kwa bei kamili na unalipa gharama ya siku moja tu. Kwa njia nyingi ndilo jibu bora, mradi mkataba wa mafuta na wahudumu wa ardhini uwe umesainiwa kabla. Boza la kutafutwa kwa simu saa kumi alfajiri ni ghali na linachelewa.

## Hatua ya 9: Tenganisha kwenda na kurudi

Usilazimishe jibu moja kwa pande mbili. New York ipo usawa wa bahari, na upepo wa juu wa Atlantiki huvuma kuelekea mashariki. Ndege inayorudi Nairobi inapaa nzito zaidi na inasukumwa na upepo wa tezi, unaotoka nyuma. Kikomo kilichouma wakati wa kwenda huenda hakipo kabisa wakati wa kurudi.

Ethiopian Airlines imetumia mpangilio huu kwa safari za Amerika Kaskazini. Addis Ababa ipo zaidi ya mita 2,300 juu, hivyo ndege inayokwenda magharibi imekuwa ikitua kujaza mafuta, ilhali inayorudi inaruka bila kutua. Kwa Dar es Salaam, iliyo kando ya bahari, kikwazo cha mwinuko hakipo. Kinachobaki ni joto na umbali, na jedwali lake litatoa sura nyingine kabisa hata kwa 787-8 ileile.

## Baada ya kuanza: namba za kufuatilia

Kwa siku 60 za kwanza, andika kila safari: uzito uliopangwa na uliopaa nao, mafuta yaliyopangwa na yaliyochomwa, dakika za ardhini kituoni, abiria na kilo zilizoachwa, na mara ambazo New York ulifika nje ya muda uliopangiwa kutua.

Dakika za ardhini zikizidi 75 mara kwa mara, tatizo huwa ni boza au ukaguzi wa usalama, si marubani. Mafuta yakizidi mpango kwa zaidi ya asilimia 2 kila safari, rekebisha ile 0.026 ya Hatua ya 3 kwa ndege hiyo mahususi. Injini na mwili uliochakaa huchoma zaidi. Na kilo za shehena zikishuka chini ya tani 8 kwa safari, wiki tatu mfululizo, rudi Hatua ya 6 na kilo hizo mpya kabla ya ratiba ya msimu unaofuata kufungwa.